Sentensi ya Kuziba Upara

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya mwaka mpya ilifika imelowa pembe moja, lakini maneno yote yalikuwa salama. Huku hatujambo. Mama bado anagombana na goti lake la kulia. Akipanda ngazi analisemesha kama mtoto mtukutu: "Haya, twende, usinitie aibu." Mwanangu ameng'oka meno ya mbele na kila mgeni lazima aonyeshwe pengo kabla hajapewa kiti. Kwenye kiwanda chetu cha uchapaji tumepata mashine mpya ya kukunja karatasi, na mkuu wetu anaizunguka siku nzima kama bwana harusi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Juzi nilirudi kutoka kazini nikamkuta yule muuguzi aliyepanga chumba chetu cha nyuma anafunga godoro lake kwa kamba. Mama amemwomba ahame. Amemwomba kwa upole, na amemtafutia chumba kizuri mtaa wa pili, lakini amemwomba. Nilipouliza kulikoni, Mama alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Kaka anakuja," akasema. "Chumba kinataka kupakwa rangi."

Mjomba, unakuja? Kama unakuja, mbona hukuniambia? Na kama huji, ujue kwamba rangi imeshachaguliwa.

Mama anasema Kiongozi wetu ameambiwa na Mungu, na habari yenyewe imesomwa mbele ya watu siku ya ibada. Unamkumbuka Kiongozi, nilikueleza: yule fundi majokofu anayetuongoza katika ibada. Ni mtu mwema sana. Nakuomba ujibu upesi.

Mpwa wako

27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie mama yako goti langu la kushoto linamsalimu la kwake la kulia. Nadhani yameandikiana kwa siri. Huku baridi imeanza kulegea. Bado naenda maktaba kila asubuhi, ingawa walinistaafisha rasmi na kunipa saa ya ukutani isiyokwenda. Wananiwekea vitabu vilivyovunjika mgongo, mimi navishona na kuvitia gundi. Wenzangu wananiita Profesa kwa sababu nasoma ninachokibandika, na kwa hiyo nabandika polepole.

Kuhusu safari yangu, nimefurahi kuisikia. Ningependa pia kujua naondoka lini, ili nifue mashati.

Usinielewe vibaya. Sina ugomvi na Mungu. Tumeheshimiana miaka mingi, kila mmoja upande wake. Ugomvi wangu ni na njia iliyotumika. Mungu ana jambo linalohusu miguu yangu na sanduku langu. Badala ya kuniambia mimi, ambaye anwani yangu haijabadilika tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi, analipeleka kwa fundi majokofu ambaye hajawahi kuniona. Fundi anawasomea majirani. Mimi, mwenye miguu, napata habari kwa posta baada ya wiki tatu!

Mtu akiniambia "mvua inanyesha", nachungulia dirishani. Akiniambia "nimeambiwa", dirisha liko wapi? Amenipa habari za masikio yake tu. Huenda ni kweli. Huenda pia ni njaa, au ni hamu ya jambo hilo kutokea. Mimi sikuwemo humo kichwani nikayasikia, na yeye mwenyewe, ingawa alikuwemo, sijui anatofautishaje sauti na sauti.

Nifanyie hisani moja. Ninakilie maneno yenyewe kama yalivyosomwa, na mengine mawili matatu aliyowahi kuambiwa, nipate kulinganisha. Ni tabia ya kazi. Kitabu kikiletwa kwangu hutazama kwanza kimeshonwaje.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Kazi zilikuwa nyingi.

Chumba kimepakwa rangi. Mama amepaka mwenyewe, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na goti halikulalamika hata kidogo, jambo ambalo anasema nalo ni ishara. Wiki iliyopita tulikwenda kununua kitanda. Muuzaji akauliza, "Mama, huyo mgeni ana urefu gani?" Mama akasema, "Kaka alikuwa akiinama kuingia jikoni." Muuzaji akasema hilo si kipimo. Mama akamtazama juu mpaka chini, akamwambia, "Wewe mfupi kidogo, lakini utafaa. Hebu lala." Akalala na viatu vyake, watu wakasimama mlangoni kutazama. Mama akamwambia ageuke ubavu, akageuka. Kitanda kikanunuliwa.

Majirani wote wanajua. Muuza mkaa ananiuliza, "Mjomba bado?" Nikisema bado, anatikisa kichwa kana kwamba mimi ndiye ninayekuchelewesha.

Uliomba maneno. Haya ni ya mwezi wa kumi na moja: "Mungu ameniambia, nyie watu mnachelewa, na kuchelewa ni tatizo, sasa hilo tatizo liishe." Haya ni ya mwezi wa kumi na mbili: "Nimeonyeshwa kuna mtu ana kinyongo na mtu, na huyo mtu anajijua, na yule mwingine naye anajijua." Siku ile watu kumi waliombana msamaha, wawili wakiwa hawajawahi kugombana.

Na hili ndilo linalokuhusu: "Aliyeondoka zamani yuko njiani. Mfungulieni mlango kabla hajabisha, asije akadhani nyumba imemsahau."

Hujasema kama unakuja.

Mpwa wako

21 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimecheka habari ya muuza vitanda mpaka mwenzangu wa kazi, mama mmoja mkali anayetunza ramani, akaja kuuliza kama nimepaliwa. Mpelekee pongezi zangu. Mwanao mwambie huku nasi tunaonyeshana mapengo, ila ya kwetu hayana matumaini.

Sasa nikueleze ninachokisoma mimi. Kiongozi wako anasema kama mtu anayeshusha magunia: hili hapa, hili hapa, limekwisha. Simcheki, ni usemi wa mtu mkweli mwenye haraka. Halafu ghafla, baada ya magunia yote hayo, inakuja sentensi inayotembea kwa vidole, inasimama mlangoni, na kumwonea huruma mtu aliye nje. "Asije akadhani nyumba imemsahau." Fundi majokofu anayeona tatizo na kutaka liishe, hili kalitoa wapi?

Mungu anaweza kubadilisha mtindo, sikatai. Lakini mimi nina barua zako tangu ulipojifunza kuandika. Nazijua hatua zako.

Uliniandikia "kazi zilikuwa nyingi". Miaka yote kazi zikiwa nyingi huniandikia ukurasa mzima juu ya kazi hizo.

Nani aliandika sentensi ile?

Mjomba wako

9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo sote, na sitapoteza wino.

Niliandika mimi.

Mambo yenyewe yako hivi. Kila Jumatatu Kiongozi huja kiwandani na maneno yake, anayasema, mimi naandika. Alhamisi anapitia nakala, tunachapa karatasi moja, na siku ya ibada anaisoma mbele ya watu. Mkuu wetu ana sheria yake: ukurasa hautoki na nafasi tupu chini. Nafasi hiyo anaiita upara. "Mteja amelipia ukurasa," anasema, "huwezi kumpa ukurasa wenye upara." Zamani nilikuwa nikiziba upara kwa vipicha vya maua. Kiongozi akavikataa, akasema vinafanana na tangazo la sabuni. Kwa hiyo nikawa narefusha herufi, naachanisha mistari, nahangaika.

Siku ile barua yako ya mwaka mpya ilikuwa imefika. Nilimsomea Mama. Nilipomaliza akaniuliza, "Hakuna ukurasa wa pili?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi, ameandika vizuri," akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Nikarudi kazini. Upara ulikuwa wa mistari miwili. Mkono ukaandika. Nilidhani Kiongozi akipitia nakala Alhamisi ataniuliza, nami nitacheka na kuifuta. Hakuuliza. Siku ya ibada akaisoma kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na Mama, aliyekuwa ameketi karibu nami, akanishika mkono kwa nguvu.

Ngoja, kuna zaidi. Wiki mbili baadaye, katika mazungumzo, nikamuuliza Kiongozi neno lile lilimjiaje. Nilitaka kupata pa kuanzia. Akaniambia alikuwa ameingiza kichwa kwenye jokofu la mteja akitafuta gesi inapovujia, akasikia sauti nyuma yake, yenye mwangwi. Akageuka, hakuna mtu. Mjomba, hakuwa akinidanganya! Macho yalimlenga machozi. Amesahau kwamba aliisoma mezani kwangu, akakumbuka kwamba aliisikia.

Nifanye nini? Na wewe, kwa nini huji? Hili nalo nimekuuliza tangu Februari.

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sijakasirika. Nilikwenda kutembea, nikarudi, nikachemsha maji, nikasahau kuyatia majani. Basi nimeketi na kikombe cha maji moto na barua yako.

Nianze na Kiongozi. Usimwite mwongo. Mwongo anajua ukweli ameuweka kabati gani. Huyu alisoma kitu kizuri, kikalala ndani yake, kikaamka kikiwa na sauti, naye akakiamini kwa sababu kilitoka ndani na yeye hakukumbuka kukiingiza. Hayo hutupata sote. Ila wengi wetu hatuna watu mia wanaongoja kusikia tulichoamka nacho. Hapo ndipo ninapowaogopa watu wa aina yake, hasa walio wema. Tapeli siku moja atajikwaa. Huyu mwema hatajikwaa, maana yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kudanganyika, na analia machozi ya kweli.

Sasa swali lako. Karatasi zangu za safari zimekamilika miaka mingi. Hakuna anayenizuia, afya ninayo. Siku tulipokimbia vita mama yako alikuwa msichana, amevaa kiatu kimoja, anakitafuta cha pili chini ya meza. Yeye alipanda gari la upande mmoja na mimi la upande mwingine. Kichwani mwangu bado anakitafuta. Kila mtu huko bado ni kijana. Nikija, wote watazeeka kwa siku moja, mimi nikiwa miongoni mwao, na sina hakika nitaistahimili siku hiyo. Hilo ndilo la kwanza.

La pili ni dogo, na nimelionea aibu: mama yako hajawahi kuniita. Barua zake zote hunitakia afya njema huku huku niliko.

Na sasa angalia mtego ulionitegea kwa mistari miwili. Nisipokuja, dada yangu atabaki na kitanda kitupu na muuza mkaa anayetikisa kichwa. Nikija, nitaingia kwa mlango ule kama muujiza. Kisha siku nyingine Kiongozi ataamka na sauti inayomwambia mgonjwa fulani aache dawa, na mgonjwa akisita watamwambia, "Mbona la yule mzee lilitimia?" Sitaki kuwa shahidi katika kesi nisiyoiamini.

Kwa hiyo mwambie mama yako. Mwambie kabla hajanunua mapazia.

Mjomba wako

18 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mapazia alikuwa ameshanunua. Nilimkuta anayakunja upindo.

Nikamwambia yote, tangu upara mpaka jokofu. Hakuinua macho mpaka nilipomaliza. Kisha akang'ata uzi, akasema:

"Mtu mzima wewe, una mtoto, unamwekea Mungu maneno kinywani?"

"Nimekosa, Mama."

"Kwa hiyo Mungu hakusema."

"Sijui Mungu anasema nini. Hilo nilisema mimi."

"Na Kiongozi akalisikia. Kwenye jokofu."

"Ndiyo, Mama."

Nilidhani analia, maana mabega yalikuwa yanatikisika. Mjomba, alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashuka kwenye kiti akaketi sakafuni, mapazia mapajani. Kila akitaka kunyamaza anasema, "Yenye mwangwi!" na kuanza upya. Kisha akanyamaza kweli, akafuta macho, na nilijua safari hii si kicheko peke yake.

"Na yeye anasemaje?" akauliza.

"Nani, Kiongozi?"

"Kiongozi wa nini? Kaka. Yeye ndiye mwenye miguu."

Nikamsomea barua yako yote, hata ile sehemu uliyosema umeionea aibu. Nisamehe. Alitaka nirudie habari ya kiatu. Akasema alikipata, kilikuwa mkononi mwake muda wote.

Siku ya ibada, wakati wa matangazo, Mama akainuka mbele ya watu wote. Akasema, "Lile neno la mgeni aliye njiani lilitoka kwa mwanangu, mchapaji. Nafasi ilibaki, akaijaza. Msimlaumu Kiongozi na msimlaumu mtoto; mimi ndiye niliyemfukuza muuguzi wa watu." Akaketi. Mzee mmoja aliyeketi chini ya feni akasema Mungu anaweza kumtumia hata mchapaji. Mama akamjibu bila kuinuka, "Anaweza, baba. Anaweza pia kutokumtumia. Utajuaje?"

Tangu siku hiyo kiwandani hakukaliki. Watu wanakuja na karatasi za zamani mkononi. "Dada, hili la kutochelewa, ni lako au lake?" Nasema lake. "Na hili la kinyongo?" Lake. "Hee! Mimi nilimrudishia yule mwanamke sufuria yake kwa sababu ya hili." Mwingine alikuwa ameahirisha safari ya kwenda kutibiwa kwa sababu ya neno la mwaka jana. Hilo nalo halikuwa langu, nikamwambia, lakini akasimama pale kaunta akiligeuza geuza, mwisho akasema, "Hata likiwa lake, alilisikilizia wapi?" Kesho yake nilimwona kituoni na begi lake, anakwenda kutibiwa.

Kiongozi alikuja wa mwisho, akaingia kwa mlango wa nyuma, bado na mkoba wa vifaa begani. Nilijua atanifokea. Akaketi kwenye rundo la karatasi, akasema kwa sauti ndogo:

"Niambie ukweli, dada. Yako ni mangapi?"

"Moja tu, Kiongozi."

"Moja tu." Akashusha pumzi, kisha akazidi kukunja uso. "Lakini hilo moja ndilo nililolisikia vizuri kuliko yote."

Nikampa maji. Alipoondoka akanigeukia, akasema, "Nililisikia, wallahi. Hapa," akagusa nyuma ya sikio lake kama mtu anayeonyesha alipoumwa na mdudu. Jumapili akasimama na kusema, "Nadhani tunapaswa kutembelea wagonjwa." Nadhani! Wazee walitazamana kana kwamba ametukana. Wengine wamehamia kwa kiongozi wa mtaa wa juu, ambaye husikia kila siku na hana shaka kamwe. Lakini wengi tumebaki, na kuna wagonjwa waliotembelewa.

Mama ameniomba nafasi iliyobaki hapa chini. Hataki nimwandikie, anaandika mwenyewe.

Kaka. Mungu hajaniambia kitu. Na mimi sijawahi kukuambia, nilidhani ukiitwa utaona tunakudai. Chumba kiko wazi. Nimezeeka na meno mengine si yangu. Mimi dada yako nasema, njoo.

8 Julai

Dada,

Mimi hapa sijambo, na natumaini nyote mko vizuri, na mpwa wangu amesamehewa.

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama, kisha nimeketi nikaisoma tena. Yule mama wa ramani amekuja kuuliza kama nimepaliwa, nikamwambia hapana, nimeitwa. Amenisaidia kutafuta safari.

Watasema mengi nikifika. Waache. Mzee wa feni atasema lilitimia, nami nitamwomba chai na kumweleza taratibu lilivyotimia: kwamba dada yangu aliniandikia mistari michache kwa mkono wake, mimi nikakata tiketi. Kama anataka kuuita muujiza, hatutagombana, mradi asiongeze mtu wa tatu.

Naogopa, dada. Nakuja hivyo hivyo.

Nafika tarehe kumi na tisa Agosti, asubuhi. Mtu akikuuliza nani kakuambia, mwambie ni mimi.

Kaka yako